Nyota Tano za Mzee Yakobo

Asubuhi ile ya Jumamosi Immaculata alikuwa amesimama juu ya stuli sebuleni kwao Mkolani, anabandua picha ya marehemu baba yake ukutani, ndipo simu ikatoa mlio wa ujumbe. Akashuka na picha kwapani, akasoma. "Dada, nimeshatua Mwanza. Msije kunipokea. Nina ramani."

Akaketi juu ya stuli. Mdogo wake Severine alitakiwa kufika kesho. Kesho, siyo leo. Kila kitu kilikuwa kimepangwa kwa ajili ya kesho: baba mdogo Deodatus avae koti, katekista asindikize, waende uwanja wa ndege, wamlete mtoto wa watu nyumbani, wamkalishe, wamwambie taratibu kwamba baba yake mzazi, Mzee Yakobo, alikwisha kufariki tangu masika ya mwaka jana na amezikwa Muleba kibanjani, kwenye migomba yake. Maana Severine alikuwa hajui. Walimficha.

Msicheke. Na kwenu mmefanya, au mtafanya. Mtu yuko Korea, kiwandani, makaratasi yake ya kibali yako mezani kwa wakubwa, akitoka tu harudi tena. Unampigia simu na kumwambia baba kafa? Baba mdogo Deodatus ndiye aliyekata shauri, siku ile ile ya msiba. "Mtu haambiwi kifo kwenye simu," alisema. "Akianguka barabarani kwa watu, nani atamwokota?" Ukoo mzima ukaitikia kwa vichwa. Walidhani makaratasi yatachukua mwezi mmoja. Thubutu. Mwezi ukazaa mwezi, na uongo nao ukawa unakula na kunenepa.

Severine alikuwa akipiga kila Jumapili. Immaculata ndiye aliyepokea, kwa sababu ndiye mkubwa, na kwa sababu wengine wote walikimbia. Baba amelala. Baba kaenda Muleba kuangalia migomba. Baba koo linamsumbua, hawezi kuongea. Jumapili moja Severine aling'ang'ania sana, ikabidi baba mdogo Deodatus aingie chumbani, afunge mlango, akohoe kwa sauti. Mtu mzima, mwalimu mkuu mstaafu, anakohoa kwa niaba ya maiti. Mama yao, Ma Prudencia, hakusema uongo hata siku moja. Simu ikifika kwake aliishika, akasalimia, akauliza kama mwanangu unakula, kisha akamrudishia Immaculata na kwenda zake jikoni.

Sasa wiki nzima Immaculata alikuwa akifagia msiba ndani ya nyumba. Vazi jeusi la mama alilikunja akalificha chini ya magodoro. Fulana za msiba, zile zenye sura ya mzee kifuani na tarehe zake chini, alizikusanya kwa majirani moja moja kama mtu anayedai vyombo vyake. Moja aliikuta kwa jirani inatumika kudekia. Aliikamua akaichukua.

Akampigia Severine. Simu ilipokelewa upesi.

"Uko wapi?"

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Uko wapi, Seve?"

"Niko kwenye teksi. Usihangaike. Nimekwambia nina ramani."

"Ramani ya nini? Mtu anakuja kwao na ramani?"

Severine akacheka kidogo. Sauti yake ilikuwa imekua, imekuwa nzito, na Immaculata aliposikia kile kicheko alikitambua: kilikuwa kicheko cha baba. "Dada, mimi nimetembea," alisema. "Ukifika nchi ya watu, ile ramani ya dunia nzima weka pembeni. Tafuta ya wenyewe. Kule Korea nilihangaika na ile kubwa mpaka viatu vikaisha, inanionyesha mgahawa, nikifika nakuta ukuta. Nikapakua ya kwao, ya njia na ya chakula, basi. Hata supu ya utumbo niliipata, kichochoroni, kwa bibi mmoja hivi. Kila nchi nafanya hivyo."

"Hapa siyo nchi ya watu. Hapa kwenu."

Kule upande wa pili pakasikika honi. "Nimeondoka zamani, dada. Mji umebadilika. Nimepakua ya vijana wa hapa hapa, inaitwa Mwanza Kiganjani. Inanipeleka vizuri tu. Nitakula mahali kwanza, halafu nakuja." Akakata. Muda si mrefu akamtumia kile kidoti cha bluu kinachotembea, kwamba amfuate humo, asiwe na wasiwasi.

Asiwe na wasiwasi! Immaculata alitoka nje na simu mkononi, akarudi ndani, akatoka tena. Picha ya mzee bado ilikuwa kwapani. Aliitupia kabatini akavuka ua kwenda chumba cha Queen, mpangaji wao, binti wa kupaka kucha ambaye kwenye mambo ya simu hashindwi kitu.

"Queen, unaijua Mwanza Kiganjani?"

"Nani asiyeijua?" Queen alifungua simu yake bila hata kuacha kupuliza kucha. "Hii hapa. Ukitaka chipsi, ukitaka dagaa, ukitaka sehemu yenye choo kisafi. Inakuelekeza tunavyoelekezana sisi: pita kwenye kiwanda, kata kona kwenye mti mkavu. Na watu wanatoa nyota na maoni. Hata kwenu kupo, mama Elias."

"Kwetu wapi?"

"Igogo. Kwa Mzee Yakobo. Nyota nne na nusu, siyo mchezo."

Kwa Mzee Yakobo ndiyo ile hoteli ya samaki aliyoianzisha baba yake karibu na ufuko, akaiendesha mpaka miguu ilipovimba. Sasa aliyeishika ni Teodora, mpishi wake. Hakuwahi kufikiri kwamba watu wanaweza kuiandika. Akamnyang'anya Queen simu. Maoni yalikuwa yamepangwa moja juu ya lingine:

"Sato mtamu kama enzi za mzee, Mungu amrehemu."

"Tangu Mzee Yakobo afariki supu ni ile ile, hongera Teodora."

"Pumzika mzee wetu. Pilipili iongezwe."

Na huyu mjinga kasema atakula mahali kwanza. Mahali gani, kama siyo kwa baba yake? Mtu miaka yote anaota samaki wa baba, anatua njaa inamuuma, programu inamwambia nyota nne na nusu, ataenda wapi? Ataketi, atafungua kusoma maoni kama alivyozoea huko kwa Wakorea, na kifo cha baba yake atakikuta kimekaa pamoja na pilipili.

"Futa haya," Immaculata alisema.

"Siwezi kufuta ya mtu. Unaweza kuandika yako tu."

"Nikiandika yangu yanakaa wapi?"

"Juu. Mapya ndiyo yanakaa juu. Ya zamani mpaka mtu abonyeze tena ndiyo ayaone."

Hapo ndipo Immaculata alipofanya jambo ambalo hata leo akilikumbuka huwa anafunika uso kwa kanga. Alipakua Mwanza Kiganjani kwenye simu yake, akajisajili kwa jina lake kamili, akaandika: "Nimekula leo asubuhi. Mzee Yakobo mwenyewe kanichagulia samaki. Anacheka na wateja kama kawaida." Akabonyeza nyota tano.

Queen alisoma, akaacha kupuliza kucha. "Mama Elias, hii siyo vizuri."

"Andika na wewe."

"Mimi? Simwandiki marehemu kwamba anacheka. Naogopa."

"Basi kaa na woga wako." Akaingia jikoni, akaichukua simu ya mama yake iliyokuwa dirishani. Ma Prudencia alikuwa akimenya ndizi, mikono myeusi kwa utomvu. Alimtazama bintiye anavyobonyeza.

"Unaandika nini?"

"Nasalimia watu, mama."

Na kwa simu ya mjane mwenyewe akaandika: "Mzee yuko imara. Tunamshukuru Mungu." Nyota tano nyingine. Maoni ya zamani yakashuka chini, hayaonekani. Immaculata akashusha pumzi, halafu akatazama kidoti cha bluu, pumzi ikapanda tena. Kilikuwa Mabatini.

Mabatini kafuata nini? Alipanda bodaboda barabarani na kumwambia dereva Igogo, haraka. Upepo ukawa unamvua kanga, huku anaishikilia kwa meno na simu kwa mikono miwili. Alimpigia Teodora, haikupokelewa. Alipiga tena. Jumamosi saa kama zile Teodora anakuwa na mafuta mpaka viwikoni, simu iko kwenye kopo la chumvi. Na pale hotelini, jamani, pale kaunta, ile picha nyingine kubwa yenye maua na tarehe mbili! Nani ataiondoa?

"Ongeza mwendo," alimwambia dereva.

"Sista, mbele kuna malori."

"Pita katikati."

"Nikipita katikati tutaonana na Mungu."

Walipita Nyegezi, wakapita Butimba. Kidoti kiliondoka Mabatini, kikashuka kuelekea mjini, kikasimama. Kikarudi. Kikazunguka mtaa mmoja, kama kuku anayetafuta pa kutagia. Immaculata alimpigia Severine. "Umepotea?"

"Hapana. Nilikunywa chai Mabatini, maandazi yao yana nyota nne. Sasa naangalia angalia."

"Chukua gari njoo nyumbani moja kwa moja. Mama kapika ndizi."

"Nakuja, dada. Mbona una haraka hivyo? Baba hajambo?"

Pikipiki iliruka tuta. Immaculata alijisikia anasema, "Hajambo, anakusubiri," na maneno yalitoka yenyewe, laini, yamezoea njia. Alipokata simu alitamani kutema mate.

Pale Mkuyuni malori yalikuwa yamefunga barabara. Dereva alizima injini, akajifuta jasho. Kidoti kilikuwa kimeacha kuzunguka, sasa kinateremka, polepole, kwa miguu bila shaka, kuelekea ziwani. Kuelekea Igogo. Immaculata alishuka, akatembea hatua chache, akarudi, akapanda tena pikipiki iliyosimama. Alimlaani baba mdogo Deodatus na hekima zake. Alimlaani katekista. Mwisho akajilaani mwenyewe, maana kikohozi kilikuwa kimoja tu, lakini "amelala" zilikuwa zake zote. Vipi kama Severine ataanguka pale hotelini mbele ya walaji, peke yake, simu mkononi? Ndicho walichokiogopa Korea, na sasa kinakwenda kumkuta nyumbani.

Simu ikalia. Teodora.

"Mama Elias, ulipiga. Kuna mgeni hapa."

"Mgeni gani?"

"Simjui, ila kichwa ni cha mzee kabisa, na masikio. Kaja na begi, kakaa ile meza ya mzee, ya nyuma hapa kando ya kaunta. Kaagiza sato, namwona hali. Anatazama tu."

"Umemwambia chochote?"

"Nimwambie nini? Hajauliza."

"Ile picha ya kaunta, Teodora. Itoe. Sasa hivi."

"Nitoe vipi? Begi lake ameliegemeza pale pale chini yake."

Immaculata alimlipa dereva, akavua viatu na kuanza kukimbia. Mwanamke wa makamo, amebeba viatu, anakimbia kando ya malori; watu wa Mkuyuni wakampisha wakidhani kaibiwa. Alichukua pikipiki nyingine mbele ya foleni. Alipofika Igogo kanga moja ilikuwa imebaki njiani.

Severine alikuwa amekaa ametazama ziwa, kile kipande kidogo kinachoonekana katikati ya mabati. Alikuwa amenenepa shingo na kuota mvi pembeni. Samaki alikuwa mbele yake, mzima, ametazama juu. Alipomwona dada yake alisimama, akamkumbatia, akamshikilia kwa muda mrefu. Alikuwa ananukia sabuni ya ugenini.

"Unahema," alisema.

"Nimekimbia. Haya beba begi, twende. Baba amelala, lakini alisema ukifika tu aamshwe." Hakuwa amepanga kusema hivyo. Ulimi ndio ulioamua.

Severine akaketi tena. Alichukua simu yake mezani, akaifungua, akamgeuzia. "Amelala?" alisema. "Lakini hapa wanasema leo asubuhi aliamka, akachagua samaki. Anacheka na wateja." Akaweka kidole chini ya jina. Immaculata Yakobo. Nyota tano.

Immaculata aliona aibu mpaka macho yakamwasha. Akavuta kiti, akakaa, viatu vikiwa bado mkononi.

"Ulijua lini?"

"Wiki ile ile," Severine alisema. "Hii programu sikuipakua leo, dada. Nilikuwa nayo kule. Nikitoka zamu, kabla ya kulala, nilikuwa naifungua kusoma watu wamekula nini kwa baba. Mtu anasema supu ilikuwa na ndimu nyingi, nami naonja ndimu. Hiyo ndiyo ilikuwa barua yangu ya nyumbani. Siku moja nikakuta mtu kaandika: nimekuja kutoka mbali nimekuta pamefungwa, wanasema mzee amefariki. Kaweka nyota moja."

"Nyota moja?"

"Kwa sababu alikuta pamefungwa."

Hakuna aliyecheka, ingawa midomo ya Severine ilijaribu.

"Jumapili nikapiga. Ukasema amelala. Nikajiambia, huyo mtu kakosea hoteli. Jumapili nyingine ukasema yuko Muleba. Nikaona, mbona hiyo nayo inawezekana? Baba anapenda migomba yake. Wengine walianza kuandika Mungu amrehemu, Mungu amrehemu. Nikaacha kuwasoma, nikawa nasikiliza wewe. Na baba mdogo akapime kile kifua, anakohoa vibaya."

"Ungetuambia unajua," Immaculata alisema. Machozi yalikuwa yameanza, na hasira nayo. "Mwaka mzima, Seve. Mwaka mzima nakudanganya, usingizi sipati, na wewe unajua."

"Mlikuwa mnajitahidi sana. Na mimi nilikuwa nakuhitaji useme. Ungeacha kusema ingekuwa kweli." Akamsogeza samaki kwa kidole. "Leo nimekuja siku moja mbele nisimkute baba mdogo amevaa koti. Nikasema nitazunguka nipotee kidogo, nipate kuchelewa. Lakini hii ramani yenu haipotezi. Kila ninapopita inaniambia Kwa Mzee Yakobo ni karibu."

Upepo wa ziwa uliingia na harufu ya dagaa. Walaji kwenye meza nyingine walikuwa wakinong'ona na kutazama sahani zao. Teodora alisimama kaunta, chini ya ile picha, mwiko mkononi.

"Twende kwa mama," Immaculata alisema. "Baba mdogo atakuja, na katekista. Watakukalisha vizuri."

"Dada." Severine alikuwa amemshika mkono juu ya meza. "Mimi nimesoma tu. Sijaambiwa. Hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kuniambia. Niambie wewe."

Na hapo Immaculata akagundua kwamba hajui linasemwaje. Siku ya msiba alikuwa na masufuria. Waliolia walilia, yeye alihesabu vikombe. Waliofika walikwisha sikia. Tangu siku ile hakuwa amelitamka hata mara moja kwa kinywa chake, alikuwa na kazi ya kulikanusha. Yale maneno ya katekista, Bwana ametoa, Bwana ametwaa, aliyatafuta, hayakuja. Akaviweka viatu chini. Akaisogeza sahani pembeni, akamshika mdogo wake mikono yote miwili kama mama anavyomshika mtoto anayetaka kuvuka barabara.

"Severine," alisema. "Baba amekufa."

Severine akaitikia kwa kichwa. "Lini?" aliuliza, kama mtu ambaye hajui kabisa.

"Jumatatu, alfajiri. Mvua ilikuwa inanyesha. Mimi ndiye niliyekuwa naye."

"Aliumia?"

"Mwishoni hapana. Alikuwa kama amechoka."

"Alisema kitu?"

Immaculata angeweza kunyamaza. Angeweza kutafuta neno zuri la kumpa, baraka, usia, wazee wanasemaga nini. Na ulimi wake uliozoea ulikuwa tayari. Akauzuia.

"Aliuliza kama umepiga simu."

"Ukamwambiaje?"

"Nilimwambia umepiga. Nikamwambia unamsalimia sana, unakuja."

Severine alimtazama. "Jumapili ile sikupiga, dada. Nilichukua zamu ya ziada."

"Najua," Immaculata alisema. "Hukupiga."

Severine akalaza kichwa mezani, kando ya samaki, akalia kwa sauti kubwa, sauti ya mtu aliyefiwa leo. Immaculata akamlalia mgongoni, naye akalia. Teodora akazima redio. Mzee mmoja aliyekuwa akila meza ya pili aliacha ugali wake, akanawa mikono, akaja kuwapa pole.